Teze Iliyoandikwa Njiani: Kalemie, Moba, Bendera

Siku yangu ya kwanza katika biro, yaani ofisi, ya ukaguzi wa shule za msingi, hapa Kalemie, sikupewa meza. Inspekta Mkuu alisema mtu wa ukaguzi hahitaji meza, anahitaji viatu. Alikuwa mrefu, abakosti yake, lile koti la kiofisi lisilovaliwa na tai, imenyooshwa vizuri kwa pasi, na alitembea mbele yangu kutoka biro mpaka shule moja ya karibu na bandari bila kugeuka kuona kama ninamfuata. Nilikuwa nimefundisha darasa la tano miaka mingi, na nilikuwa na lisansi, yaani shahada ya elimu niliyoipata Lubumbashi kabla ya kuolewa. Sasa nimekuwa konseye: mtu anayekaa nyuma ya darasa, anaangalia mwalimu mwenzake akifundisha, kisha anamshauri.

Nchi iliitwa Zaire wakati ule, na maofisini hatukuitana Bwana wala Bibi. Tuliitana Sitwayeni, yaani mwananchi. Inspekta Mkuu alipoingia darasani watoto wote walisimama. Mwalimu akamwita msichana mmoja wa darasa la nne asome Kifaransa. Alisoma kwa sauti ya wazi, hakukwama popote, na Inspekta Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nyuma ya yule mtoto. Alifika mwisho wa ukurasa, akaendelea kusoma maneno ya ukurasa unaofuata, na karatasi hajaifunua.

Tulipotoka nilimweleza Inspekta Mkuu nilichokiona. Akasema hiyo ni dalili ya bidii. Sikubishana naye, kwa kuwa nilikuwa mgeni katika kazi. Lakini tangu hapo nilianza kuwatafuta watoto wa namna ile, na niliwakuta kila shule. Walisoma Kifaransa kama wanaimba. Ukiwauliza nani katika hadithi amekwenda sokoni, wanaangalia chini.

Swali hilo, kwa nini mtoto anasoma bila kuelewa, ndilo lililonipeleka kwenye udaktari. Chuo kikuu kule Lubumbashi kilinikubali nisome huku nikiendelea na kazi. Maana yake ni kwamba mwajiri hakunipunguzia hata shule moja ya kukagua, na chuo hakikunipunguzia hata kitabu kimoja. Nilipangiwa promota, yaani profesa anayeongoza teze, kazi ile ndefu ya utafiti ambayo mwisho wake unasimama mbele ya majaji kuitetea.

Vitabu ndivyo vilikuwa taabu ya kwanza. Kalemie ya wakati ule haikuwa na maktaba ya kumfaa mtu wa teze. Kwa bahati mume wangu, Papa Mwayuma, alikuwa mkuu wa treni kati ya Kalemie na Kabalo. Wenzake walipokezana vitabu vyangu kutoka Lubumbashi, kituo kwa kituo, mpaka vikafika mikononi mwake. Mara moja kifurushi kilisafiri karibu na magunia ya ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwa, na mama wa maktaba akaniandikia kwamba kitabu kimerudi salama ila wasomaji wengine wanakikwepa. Papa Mwayuma alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile alivifunga kwa plastiki mbili, na akawa anawaambia mafundi wa reli kwamba anabeba mzigo wa serikali.

Treni ikichelewa, siku za kukaa na kitabu zinapungua. Kwa hiyo nilijifunza kuchagua: hiki nisome chote, hiki sura moja, hiki kirudi na treni hiyohiyo. Nilisoma alfajiri kabla ya kuwasha mkaa, nilisoma ndani ya meli nikienda kukagua Moba, huku wachuuzi wa samaki wakiniuliza kama ninajifunza upadri. Kila kitabu nilikitengenezea fishi, yaani kadi yenye maneno makuu ya mwandishi. Fishi zikajaa sanduku zima. Nikaandika sura ya kwanza, nikaituma, kisha likizo ikafika nikapanda treni kwenda kuonana na profesa.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sura yangu ilikuwa mbele yake. Alisema imeandikwa vizuri sana, na kwamba humo ndani amesikia sauti za watu wengi wenye elimu, lakini hajanisikia mimi. Akachukua kitabu kimoja nilichokuwa nimekitaja mara nyingi, akaweka mkono juu yake.

"Mama, tuache Kifaransa kidogo. Uniambie na Kiswahili, kama unaongea na mama yako mukubwa kule kijijini: huyu muntu anasema nini?"

Nilifungua kinywa. Maneno ya Kifaransa yalikuwa yamejipanga tayari, yote, kwa utaratibu. Ya Kiswahili hayakuja. Nikaona wazi kwamba tofauti kati yangu na yule msichana wa darasa la nne ni umri tu.

Profesa hakunicheka. Alisema tu, "Sasa unajua teze yako inahusu nini."

Nilirudi Kalemie na utaratibu mpya wa kusoma. Nikimaliza sura ya kitabu ninakifunga, ninamweleza Papa Mwayuma kwa Kiswahili wakati anakula. Akisema hajaelewa, ninajua kwamba mimi ndiye sijaelewa, ninafungua tena. Baadhi ya wale mabwana wakubwa wa vitabu walishindwa mezani petu. Wengine walizidi kuwa wakubwa. Na nilianza kubishana nao, kwa sababu maneno ya mwandishi ukiyaeleza kwa lugha yako unaona mahali anapokosea.

Hapo ndipo nilipopata njia ya utafiti. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba watoto wanaanza kwa Kiswahili, kisha kuanzia darasa la tatu kila kitu ni Kifaransa. Inspekta Mkuu alikuwa amekaza zaidi: katika shule zake mtoto akisikika anasema Kiswahili, hata uwanjani, anafagia darasa. Mimi nilichagua madarasa ya Kalemie, Moba na Bendera. Katika nusu ya madarasa hayo mwalimu aliendelea kama kawaida. Katika nusu nyingine, baada ya kusoma Kifaransa, watoto walifunga kitabu wakasimuliana kwa Kiswahili walichokisoma, ndipo wakarudi kujibu maswali kwa Kifaransa. Ruhusa niliipata kwa sababu Inspekta Mkuu aliamini nitashindwa, na alinieleza hivyo bila kificho.

Mwisho wa mwaka wa shule niliwapa watoto wote habari ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Kalemie na Moba, waliozoea kusimulia waliwapita wenzao kwa mbali, tena kwa Kifaransa. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikapanda lori kwenda Bendera, kwenye kituo cha umeme, na kule hapakuwa na tofauti yoyote. Madarasa yote mawili yaliangalia chini.

Nilimwandikia profesa kwamba Bendera ni mahali padogo, pengine tupaache. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ni Bendera njo itafanya watu wakuamini. Rudia kule."

Nikarudi. Safari hii sikukaa nyuma ya darasa, nilikaa uwanjani na watoto. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wametoka pande nyingi, na watoto walicheza kwa makundi: hapa Kiholoholo, pale Kibembe, kule Kiluba. Kiswahili kwa wengi wao kilikuwa cha sokoni, na mimi nilikuwa nimewalazimisha kusimulia nacho. Nilimwomba mwalimu awaache wasimuliane makundi kwa makundi, kila mtoto kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu alisema yeye hataelewa wanachosema. Nikamwambia haidhuru, wao wataelewa. Mwaka uliofuata Bendera iliipita Moba.

Basi teze ikabadilika. Haikuwa tena habari ya Kiswahili kupigana na Kifaransa. Ilisema kwamba mtoto anafika kwenye lugha ya shule kwa kupitia lugha anayofikiria nayo, na ukimkatia njia hiyo atabaki anaimba.

Ilibaki ruhusa ya kwenda Lubumbashi kuitetea. Nilimpelekea Inspekta Mkuu kazi nzima pamoja na ombi langu. Alikaa nayo muda mrefu, na bironi hakunisalimia. Siku aliponiita, kazi ilikuwa mezani kwake, na nilipoona jinsi kingo zake zilivyochakaa nilijua ameisoma yote.

"Sitwayeni," akasema, "hii inasema nimewaazibu watoto bure."

"Haisemi juu yako, Sitwayeni Inspekta. Inasema juu ya watoto."

Alitia sahihi, akanipa karatasi, akaangalia dirishani kuelekea ziwa.

Siku ya kutetea, ukumbi ulikuwa umejaa. Papa Mwayuma alivaa sare ya reli kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri kuliko zote. Majaji waliniuliza mengi, na kila swali nililijibu kwanza moyoni kwa Kiswahili, kisha mdomoni kwa Kifaransa. Sikukwama. Mwisho, rais wa majaji, mzee mkali, akauliza kama katika nchi nzima yupo inspekta mmoja atakayekubali jambo hili katika shule zake, au ni maneno ya kubaki maktabani.

Kabla sijajibu, kiti kililia nyuma. Inspekta Mkuu alikuwa amesimama. Alikuwa amesafiri na treni ileile yetu, behewa jingine, bila kutuambia. Akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Ni mimi njo inspekta wa shule zile. Nilikuwa nimekataza. Nimeshaondoa lile katazo, shule zote."

Akakaa. Profesa wangu alivua miwani akaifuta. Majaji walitoka, wakarudi, wakanitangaza daktari wa elimu kwa sifa ya juu kabisa, na Papa Mwayuma akapiga kelele kama treni inayoingia Kabalo. Hakuna aliyemkataza.

Niliendelea na ukaguzi mpaka kustaafu, na baadaye kiti cha Inspekta Mkuu nilikikalia mimi. Vijana wa ualimu wananiuliza udaktari ulinipa nini. Ninawaambia ulinifundisha kusoma, na kwamba nilianza nikiwa mtu mzima mwenye lisansi.

Wiki chache baada ya kustaafu, mama mmoja kijana aliyehamia kutoka kaskazini ya ziwa alibisha mlangoni, amembeba mtoto mwenye homa. Alikuwa amesikia mtaani kwamba hapa anakaa Mama Doktere. Nilimweleza kwamba mimi si doktere wa magonjwa, nikavaa viatu nimpeleke hospitali. Njiani akaniuliza, basi mimi ninatibu nini. Nikamwambia ninafundisha watoto kusoma na kuelewa. Alimhamisha mtoto bega.

"Basi wamuponyeshe kule kwanza," akasema. "Akipona nitamuleta kwako."

Akamleta.