Kisu Kisichokata Kitunguu

"Hivi Penina, kile kisu cha mama Kalasinga umewahi kukiona kinakata kitu?"

Nasieku, jirani yangu, aliniuliza hivyo asubuhi moja tukisafisha vibuyu. Ilikuwa wakati wa vita ya Hitla, nasi tulikaa Sokon, pembeni mwa mji wa Arusha. Nilikuwa na ng'ombe wangu, na kila siku nilimpelekea maziwa mama huyo, Paramjit, mke wa Harbans, fundi wa mashine ya kupasua mbao. Nikamjibu kwamba sijakiona kikikata hata kitunguu.

"Basi kinangoja shingo," akasema. "Siku moja utainama kumimina maziwa, akutoboe kama ng'ombe, akinge damu kibuyuni."

Akacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa.

Mara ya kwanza nilikiona Paramjit alipoinua mikono kuanika shuka. Upepo ukasogeza mtandio wake, nikaona mkanda mweusi wa kitambaa umetoka begani mpaka kiunoni, na kisu kinaning'inia hapo. Hakikuwa kikubwa. Ungekilaza kwenye kiganja, ncha yake ingeishia penye kidole cha kati. Kimepinda kidogo kama pembe ya ndama, ala yake ya mbao imevikwa ngozi, na mdomoni ina shaba. Kingekuwa cha kukunja kama cha marehemu baba, cha kukatia kamba, nisingejali. Hiki hakikunjiki. Kilikaa tayari muda wote, mpini ukielekea mkono wake. Na jikoni alikuwa na kisu kingine cha mboga. Sasa kisu ambacho hakimenyi wala hakichinji, mtu anakibebea nini kutwa nzima?

Kwetu Waarusha mwanamume akija nyumbani kwa mtu huacha mkuki wake nje. Anayeingia na chuma amekuja kwa ugomvi. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa tangu usichana wangu, lakini jambo hilo nililikuta kwa mama yangu na halikunitoka. Nikawa naweka maziwa kizingitini, nagonga mlango, kisha narudi nyuma nisimame penye njia. Kabla ya kutoka nyumbani nilisali kwanza, kama mtu anayekwenda safari ya mbali.

Naye hakuwa mtu wa kutisha. Alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu. Aliniamkia shikamoo bila kukosa. Alfajiri nikipita nilimsikia akisali kwa sauti ya chini, kama ninavyosali mimi. Lakini woga haukuondoka.

Masika ya mwaka ule alikuwa na mimba kubwa. Harbans alikuwa juu msituni, upande wa Meru, na barabara ya kule ilikuwa tope tupu, magari hayashuki. Mchana mmoja mvua ikinyesha nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa peke yake, miguu mitupu, nguo zimegandamana mwilini hata umbo la kile kisu lilionekana wazi.

"Shikamoo mama. Uchungu umeanza. Nipeleke zahanati."

"Marahaba mwanangu. Ingia ukae, nichukue kanga. Lakini hicho kiache hapo nje."

"Kipi?"

"Kisu."

Akajitazama kiunoni. "Siwezi, mama."

"Hakuna wa kukiiba."

"Siogopi wezi. Nilimwapia Mungu. Nalala nacho. Hata nikioga nakifunga kichwani."

Uchungu ukambana, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Hakuingia. Mwenye kisu alikuwa yeye, na mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama pale mvuani akingoja ruhusa yangu. Hapo nikaanza kuogopa jambo jingine. Niliogopa atanifia mlangoni.

Nikatoka mimi. Upande mmoja wa njia ulikuwa na mtaro uliojaa maji, kwa hiyo nikamshika upande wa kisu, na kila alipopiga hatua mpini ulinigonga mbavuni. Nilisali kimoyomoyo, sijui nikiombea kwanza nini, mtoto au mbavu zangu.

Nasieku akachungulia penye migomba yake. "Penina, umetekwa?"

"Acha hayo. Njoo ushike huku."

Akatazama nguo za Paramjit, akaona damu inachuruzika na maji ya mvua. Hakufanya mzaha tena. Alikanyaga mtaro ule mpaka magotini, akamshika upande wa pili mpaka tukafika.

Muuguzi wa zahanati alipoiona ile damu uso wake ulibadilika. Akasema aingie upesi, na nguo zote na chuma chote vibaki nje. Paramjit akaushika mpini. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akiushika. Nikajua sasa kinachomolewa, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa anauvua mkanda kwa kuupitisha kichwani, na kisu kiko kwenye ala yake vilevile. Akaniletea kwa mikono miwili. Nami nikakipokea kwa mikono miwili.

Nikakaa kwenye benchi nikiwa nimekizungushia upindo wa kanga. Kilikuwa chepesi kama mwiko mdogo, na bado kina joto la mwili wake. Ngozi ya ala ilikuwa imelainika pale penye ubavu. Ndani alilia, kisha akanyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko kisu. Nasieku alitaka kuona makali yake. Nikamkatalia. Mpaka leo sijui kama yalikuwa makali au butu.

Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa wa kike, na alichelewa kulia, lakini alilia. Mama yake alitolewa amepauka kama majivu, yu hai, Bwana asifiwe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuunyooshea mkono upindo wa kanga yangu, nikamrudishia kisu chake. Vita ilipokwisha walihamia Nairobi, na salamu zake bado zinanifikia.

Nasieku aliniuliza baadaye kwa nini sikukisukuma chini ya benchi nikapumzisha mikono, maana nilikipakata saa zote zile, jasho likiniingia machoni na sikujifuta. Hakuwa amesikia Paramjit alivyoninong'oneza pale mlangoni mwa zahanati aliponikabidhi, maji yakimdondoka kidevuni:

"Kishike wewe, mama. Usikiweke chini."