Siku Baba Alipomwuliza Kipkurui

Mimi nasema sana, sijifichi. Huku kwetu Roret, nikifika kituo cha kuuzia majani chai, wenzangu husema, "Rodah amekuja, zimeni redio zenu." Basi mtu kama mimi, Mungu akatazama vilima vyote hivi vya chai, akanichagulia Kipkurui. Mwanamume ambaye ukimwuliza kama amekula, unaweza kumenya viazi ukingoja jibu. Wee, Mungu naye ana mzaha wake! Lakini namshukuru, kila asubuhi namshukuru, na nitawaambia kwa nini.

Kipkurui hakuzaliwa hivyo. Mama yake, Chepkemboi, husema alikuwa mtoto mwenye kelele kuliko kuku anayetaga. Alipokuwa na miaka sita, yeye na wenzake walikuwa wakidandia trela ya trekta iliyobeba magogo ya blugamu. Gogo moja likateleza, likamgonga kichwani. Alipelekwa hospitali ya wamishenari akiwa hana fahamu, na watu wakaanza kuulizana atazikwa lini. Hawakuwa na ubaya, ndivyo walivyojua mambo ya kichwa. Akafumbua macho baada ya wiki nyingi. Lakini aliyerudi nyumbani alikuwa kama mtoto mchanga mwenye miguu mirefu. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani. Maneno hakuna, hata moja.

Majirani walikuja kumpa mama pole, na pole zao zilikuwa za kuudhi. Huyu anauliza, "Utamfungia ndani?" Yule anasema, "Sasa huyo ni wa kulishwa tu." Mimi ningewafukuza na mwiko! Chepkemboi ni mpole, alinyamaza. Mtoto alipoweza kusimama kwa kushika ua, akampa kazi. Huku kwetu kila ng'ombe ana jina lake, na jioni huitwa kwa jina hilo ndipo aingie kukamuliwa. Kipkurui akawekwa langoni awaite. Wa kwanza alikuwa Chelelmet, ng'ombe mwenye baka jeupe kichwani. Mtoto anafungua mdomo, hakitoki kitu. Ng'ombe anacheua. Mama anangoja na ndoo yake. Mvua inanyesha, wote wamelowa, na bado hakitoki kitu. Mwishowe mama anamwita mwenyewe, wanakamua, na kesho wanaanza tena.

"Kwa nini ng'ombe, Mama?" nilimwuliza siku moja.

Akacheka. "Watu wote walikuwa wanamsaidia, mwanangu. Akifungua mdomo tu, mmoja anasema maji, mwingine anasema uji. Ng'ombe hajui kusaidia."

Mahindi yalipandwa na yakavunwa, ndipo jioni moja akasema, "Che." Che tu, basi. Chepkemboi akaangusha ndoo, maziwa yote chini, na anasema hajawahi kufurahia hasara kama ile. Jina zima lilikuja mwaka uliofuata. Kutembea bila fimbo kukaja nyuma yake. Shule alianza akiwa mkubwa, akikaa na watoto wanaomfikia kiunoni, akiandika kwa mkono wa kushoto. Kifafa kilimsumbua ujanani, akameza dawa, kikamwacha. Ule mkono wa kulia ulikunjuka polepole, kwanza ukaweza kushika kamba ya kikapu, kisha ukaanza kuchuma chai pamoja na mwenzake.

Na msifikiri amemaliza. Mpaka leo, mwaka huu wa tisini na nane, Kipkurui bado anapona. Mwezi uliopita alisema "kiberiti" moja kwa moja bila kukwama. Neno hilo lilikuwa limemkwepa tangu utotoni, siku zote alisema "kile cha moto". Binti yetu Chelangat, ambaye naye anajifunza maneno, akampigia makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jikoni nikalia kidogo, kwa furaha tu.

Nilimjua mwaka wa tisini na mbili, pale pale kituoni. Lori la majani lilikuwa limekwama kwenye matope, na watu walimfokea karani kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua. Kipkurui alikaa kando, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, maana kelele humwumiza kichwa. Akanitazama, akasema, "Ki... ki..."

"Kikapu?" nikamwuliza. Akakataa kwa kichwa. "Kisu? Kiatu? Ni nini, kijana?"

Akacheka, akapumua, akaanza upya. "Ki... kiwavi." Akaonyesha kilemba changu.

Jameni, niliruka! Kituo kizima kiliangua kicheko, na lori likasahauliwa. Kipkurui akainuka, akanitolea yule mdudu kwa mkono wake wa kulia, taratibu, akamweka kwenye nyasi. Wala hakunicheka.

Basi ikaanza hivyo. Tukawa tunapeleka majani pamoja, mimi nikipiga domo njia nzima. Nikagundua kitu. Vijana wengine nilipokuwa nikisema walikuwa wanangoja ninyamaze ili waseme wao. Kipkurui alikuwa anasikiliza. Mtu ambaye kila neno lilimgharimu jasho, langu hakulikata hata moja. Nani angeacha mwanamume kama huyo apite?

Baba yangu, Noah, alipopata habari aliwaka. Baba ni mtu wa haraka, hunywa chai ikichemka kwa sababu hawezi kungoja ipoe. "Rodah! Vijana wote wa Bureti, na wewe umemwona yule aliyegongwa kichwa?"

"Amepona, Baba."

"Amepona! Mtu aliyepona anaitikia salamu kabla jua halijatua."

"Wewe unaitikia kabla hujasalimiwa, na imekusaidia nini?"

Tulifokeana mpaka mbwa wakatoka nje. Lakini chini ya hasira yake kulikuwa na hofu, niliiona. Aliuliza kifafa kikirudi itakuwaje, na watoto watazaliwaje, na nani atanitunza. Nilimwambia kwamba jeraha la gogo haliendi kwa mtoto, akasema mimi si daktari. Mwishowe wajomba walimbembeleza awapokee wageni tu. "Waje," akasema. "Nitawakataa wakiwa wameketi, kwa heshima." Nami nilijua kwamba Baba akikataa mbele ya wazee, harudi nyuma tena. Siku hiyo moja ndiyo ingeamua kama nitakuwa na Kipkurui au nitamkosa.

Mazungumzo ya posa na ya ng'ombe wa mahari sisi huita koito. Wazee wa kijana huja, wazee wa msichana huwapokea, na wanaosema ni wazee. Kijana mwenyewe hukaa ameinamisha macho. Hilo ndilo nililokuwa nimelitegemea! Ukimya wa kijana ni adabu, na kwa adabu hiyo hakuna aliyemshinda Kipkurui.

Waliketi sebuleni, Chepkemboi kwenye kona, mvua ya mawe ikipiga mabati. Nikaitwa niseme kama nawajua wageni hawa. Nikasema nawajua, na nikaongeza mengi ambayo hakuna aliyeniuliza. Msemaji wao akaanza maneno yake mazuri. Baba akainua mkono.

"Nataka kumsikia huyu mwenyewe."

Watu wakatazamana. "Mzee," akasema msemaji, "kawaida yetu..."

"Kawaida yetu naijua. Lakini binti ni wangu." Akamgeukia Kipkurui. "Kijana, mtakaa kule juu, mbali na barabara. Siku moja binti yangu ataanguka, mgonjwa. Mtu mwingine angepiga kelele, majirani wakaja mbio. Wewe mpaka neno litoke, si atakuwa amekwisha kufa? Utafanya nini?"

Nikafungua mdomo.

"Rodah," akasema Baba bila kunitazama. "La kwako nitalisikia kesho."

Kipkurui akasimama, akavua kofia. Kovu lake lote likaonekana, kutoka sikioni hadi utosini. Midomo ikaanza kutafuta. "Ni..." Hakuna kitu. Jasho likamtoka. "Ni..." Mjomba wangu hakuvumilia, akasema, "Nitaita?" Kipkurui akatikisa kichwa, ikabidi aanze tena mwanzo.

"Mwacheni," akasema Chepkemboi kutoka kwenye kona yake, kwa sauti ya chini.

Nilijua akiketi bila jibu, nimemkosa. Niliuma leso yangu kwa meno. Haki ya Mungu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

"Ni-ta... ni-ta-m... beba."

Mvua tu juu ya mabati.

"Utambeba," akasema Baba.

"Nd... ndiyo."

"Mpaka wapi?"

Sote tulingoja aseme hospitali, au barabarani, au kwa jirani mwenye gari. Safari hii neno lilichelewa zaidi. Msemaji akatazama sakafu. Baba yangu, yule wa chai ya moto, aliketi akaweka mikono juu ya magoti, akangoja. Hakuguna wala hakutazama mlango. Alingoja kama mtu ambaye kweli anataka kujua.

"Mpaka..." Kipkurui akafunga macho, akayafungua. "Mpaka a... apone."

Chepkemboi akajifunika uso kwa leso. Mjomba akajifanya kukohoa. Baba akamwonyesha kijana yule kiti kwa mkono.

"Keti, mwanangu," akamwambia. Halafu akamgeukia msemaji. "Haya, tuongee ng'ombe."

Nililia pale pale mbele ya wazee wote, kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.