Nguo ya Kuogelea ya Bi Pindo

Bi Pindo hakuwa mtu wa kukaa. Kwenye harusi alikula amesimama, hospitalini alisubiri zamu yake akirandaranda kwenye korido, na hata cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa sababu ile ya umeme, alisema, inamwachia miguu bila kazi. Sasa mchukue mtu kama huyo, mwambie akae saa nzima kwenye benchi la saruji kando ya bwawa, asiinuke, asiseme neno, na mwanawe wa pekee yumo majini. Heri umwambie ameze sindano.

Jina la Bi Pindo alipewa na mtaa, naye akalipokea bila kinyongo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na sare zake zilijulikana kwa jambo moja: ziliacha nafasi. Pindo la sketi vidole vinne, mshono wa ubavuni vidole viwili, mikono ya shati imekunjwa kwa ndani mara mbili. "Mtoto hukua usingizini," aliwaambia wazazi. "Unamlaza wa darasa la tatu, anaamka wa darasa la nne." Kwa hiyo watoto wa mtaa ule walianza mwaka wakielea ndani ya nguo kama walioazima kwa kaka zao, na sare ilipoanza kuwakaa vizuri, shule ikawa inafungwa. Lakini wazazi hawakulalamika. Sare moja ya Bi Pindo ilisomesha mtoto miaka mitatu.

Binti yake alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mtulivu, mwenye macho ya kuuliza na mdomo wa kunyamaza. Mtaani walimwita Uzi, maana kila sindano ilipokwenda naye alikuwa nyuma. Baba yake, dereva wa lori, alionekana nyumbani kama mgeni wa heshima, siku mbili kwa mwezi, kwa hiyo malezi yote yalikuwa ya mama. Na mama, tusidanganyane, alikuwa mwoga. Baiskeli alimkatalia, angeanguka. Safari ya darasa alimkatalia, angepotea. Kwaya alimruhusu, kisha akamtoa, kwa kuwa mazoezi yalichelewa kwisha na yeye alikuwa anasubiri getini roho juu juu.

Kuogelea mtoto alijifunza shuleni, kila Jumatano, kwa nguo ya kuazimwa hapo hapo shuleni na kwa ruhusa ya barua ambayo mama yake aliitia saini akiwa na pini mdomoni bila kuisoma. Alipokuja kuelewa alichosaini, Uzi alikuwa tayari anakata maji.

Likizo ndefu ilipokaribia, tangazo likabandikwa kwenye geti la bwawa la mtaa: timu ya watoto, wiki sita, nafasi kumi na mbili, jaribio Jumamosi. Uzi alilisoma mara tatu, akaenda kusimama mbele ya cherehani mpaka mama akainua macho.

"Mama, naomba kitu kimoja."

"Kama ni baiskeli, tulishaongea."

"Si baiskeli. Timu ya kuogelea. Ni hapo hapo bwawani, na kocha yupo, na kamba zipo."

Bi Pindo alikanyaga cherehani, akasimamisha, akakanyaga tena. Huyu mtoto hakuwa mwombaji. Ukimkatalia hakulia wala hakununa, na hilo ndilo lililokuwa linamkera mama yake kuliko kilio.

"Mara moja," alisema hatimaye. "Unafanya hilo jaribio mara moja. Ukishindwa, hatusumbuani tena, likizo nzima unanisaidia kupachika vifungo."

"Na nikishinda?"

"Tutaona."

"Mama."

"Haya, ukishinda utaogelea," alijibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Nguo za kuogelea zilikuwepo dukani, zimetundikwa dirishani kwa rangi zote. Lakini mtoto wa fundi avae nguo ya dukani? Watu wangesema nini? Bi Pindo alichukua pamba nzito ya bluu, ile ya sketi, akaitilia bitana isije ikaonyesha, akaweka mikanda ya mabega maradufu, akaacha vidole viwili kila ubavu na vidole viwili kila paja. Alishona siku mbili huku akiimba. Fundi viatu, jirani yake wa ukuta mmoja, alichungulia kwa juu ya meza yake.

"Jirani, hiyo ni nguo ya kuogelea au hema?"

"Wewe gongelea soli zako."

"Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wewe naona unamvalisha mtoto kabati zima ndiyo ayaingie."

"Itamfaa miaka mitatu hii," alisema Bi Pindo, akaikung'uta hewani kwa fahari.

Jumamosi wazazi walikaa kwenye mabenchi nyuma ya mstari mweupe uliopakwa sakafuni. Bi Pindo alikaa, akainuka, akakaa, akainuka kumwangalia mtoto, akausogelea mstari kwa ncha ya kiatu. Kocha, mama wa makamo mwenye mabega mapana na filimbi shingoni, alimtazama tu.

"Mama, ukivuka huo mstari na wewe nitakupa njia yako uogelee."

Watu wakacheka. Akarudi nyuma, lakini kukaa hakukaa.

Jaribio lilikuwa kwenda na kurudi, bila kusimama na bila kushika kamba zinazogawa njia. Uzi aliingia majini, akasukuma ukuta, akaondoka vizuri. Kisha maji yakapata njia kwenye zile nafasi za kukua. Nguo ikavimba mgongoni kama mto wa kulalia. Mtoto akageuka ukutani na kuanza kurudi, mikono inafanya kazi, miguu inazama, kila pigo fupi kuliko lililotangulia. Robo tatu ya njia, akashika kamba. Filimbi ikalia.

Na hapa nimseme Bi Pindo kama alivyokuwa. Kwanza moyo ulimlipuka kwa hofu. Kisha, mtoto alipopanda ngazi salama, akafurahi. Alifurahi kwamba yamekwisha.

"Imekuwaje?" aliuliza akimfuta kichwa.

"Nimechoka tu, mama."

Nyumbani akaianika ile nguo. Kamba ikainama mpaka nguo ikagusa vumbi. Akaiondoa, akaikamua juu ya ndoo, ikatoa maji kama bomba lililofunguliwa. Akaikamua tena, ikatoa tena. Akaibeba kwenye viganja viwili, akapima uzito wake, nao ulikuwa kama wa mfuko wa sukari unaouzwa dukani, ule mkubwa. Fundi haambiwi mara mbili na nguo yake mwenyewe. Alisimama uani na ile nguo inamdondokea miguuni, na akajua mtoto hakuchoka.

Akaitandika ukutani ikauke, akarudi kwenye cherehani. Mapatano yalikuwa mara moja, sivyo? Na nani mwingine alijua? Bwawa halisemi. Mtoto angekaa likizo yote karibu na cherehani, mkavu, salama, mahali anapoonekana.

Jumapili Uzi akaketi kibarazani bila kuitwa, akaanza kupachika vifungo. Hakulalamika. Alivipachika vizuri, vimenyooka mstari mmoja, kila kifungo mizunguko sita. Bi Pindo alimtazama, akainuka. Alifagia penye usafi. Aliweka kola juu chini, akafumua, akaiweka tena juu chini. Alikwenda dukani kununua uzi mweupe akarudi na mweusi.

Jumatatu asubuhi fundi viatu alichoka kumtazama akipita.

"Jirani, nani kakuwashia moto kwenye kiti?"

Akamwambia. Alimwambia yote, na ile furaha pia, kwa sauti ya chini kwa sababu Uzi alikuwa ndani. Fundi viatu alitarajiwa kucheka, maana ndiyo kazi yake ya pili. Hakucheka. Aliweka nyundo chini.

"Mimi mteja akirudi na kiatu changu kimeachia soli," alisema, "simwambii ametembea vibaya."

"Lakini kule majini, jirani. Mimi hata kifundo cha mguu sijawahi kulowesha."

"Hofu hiyo ni yako. Hili la nguo ni la mtoto."

Alijikaza mpaka alasiri, kisha akapiga moyo konde, akaenda bwawani. Alimkuta kocha peke yake, anaopoa majani kwa wavu wa mpini mrefu. Bi Pindo akauvuka mstari mweupe.

"Kocha, yule mwanangu mwembamba wa Jumamosi. Hakuchoka. Ni nguo. Nimeishona mimi." Miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuusema vibaya mshono wake mbele ya mtu, na maneno yalimtoka kama yamefungwa mawe. "Niliitia bitana. Niliacha nafasi akue."

Kocha alikung'uta majani.

"Niliiona ikivimba. Nikasema labda mama hana namna ya kununua nyingine, nikaona haya kuuliza." Akatafakari. "Orodha imeshabandikwa, kumi na wawili wametimia. Lakini kesho mazoezi yanaanza saa tatu. Mlete saa mbili. Akienda na kurudi, nitamwandika wa akiba. Wa akiba anafanya mazoezi na wenzake, na mmoja akikosekana, anaingia. Asipoweza, mama, sitamjaribu tena."

"Nimeelewa."

"Na nguo ibane. Isipobana, hiyo ni ndoo."

Kwenye sanduku la vipande kulikuwa na kitambaa cha kuvutika, kijani, kilichobaki alipowashonea watoto wa sarakasi wa shule. Akamwita Uzi, akamwambia anyooshe mikono, akazungusha futi ya kupimia kifuani. Akaandika namba kwenye daftari, na kalamu, kwa mazoea yake ya miaka yote, ikaongeza mbili. Akaikata. Akaandika ile ya kweli.

"Unapima nini, mama?"

"Nguo ya kuogelea. Kesho saa mbili unajaribiwa tena. Mara ile ulishindwa na nguo, hukushindwa wewe."

Uzi alitazama chini.

"Najua."

"Ulijua?" Futi ikaanguka. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaimba ulipokuwa unaishona."

Bi Pindo akainama kuokota futi, akakaa kule chini kitambo kirefu kuliko futi ilivyohitaji. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko hofu yote aliyowahi kuwa nayo. Alipoinuka alichukua chaki, akachora karibu na kipimo kuliko alivyowahi kuchora maisha yake yote. Mkasi ulisita. Kisha ukakata. Usiku haujaingia, nguo ilikuwa tayari, ndogo ya kutoshea kwenye ngumi.

Asubuhi bwawa lilikuwa tupu. Kocha alisimama pembeni na saa yake, Uzi alishuka ngazi, Bi Pindo akakaa kwenye benchi kwa sababu aliapa njia nzima kwamba atakaa. Akakaa kweli, ila miguu hakuiweza. Chini ya benchi ilikanyaga, kisigino na kidole, kisigino na kidole, kama yuko kazini.

Uzi alikwenda vizuri. Maji yalimpita mgongoni bila kumshika popote. Akagusa ukuta, akageuka, akaanza kurudi, na Bi Pindo akajisikia kupumua. Lakini mtoto ni mtoto, na njia ni ndefu. Robo tatu, pale pale pa Jumamosi, mikono ikapungua kasi. Kichwa kikainuka. Kamba ilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwake.

Neno lilishafika mdomoni kwa Bi Pindo. Shika. Neno moja, na Uzi angelitii, maana hajawahi kumbishia mama yake tangu azaliwe, na yote yangekwisha, na mtoto angekuwa salama. Mama alijaza taulo mdomoni, akaliuma.

Uzi hakuitazama kamba. Alimtazama mama yake kwenye benchi, akamwona amekaa, taulo mdomoni, macho yamemtoka. Akarudisha uso majini. Pigo moja, la pili, la tatu, si mazuri, yamepinda kama mshono wa mwanafunzi, lakini yanakwenda. La kumi likagonga ukuta.

Kocha alichukua kalamu nene, akaenda kwenye karatasi ya getini, akaandika jina la kumi na tatu chini ya mengine. Hakusema hongera. Alisema, "Mazoezi saa tatu, usichelewe," kwa mtu aliyekuwa mbele yake analowesha sakafu.

Bi Pindo alimfunika mtoto taulo, lenye alama za meno upande mmoja. Mkono wake, bila kutumwa, ukaenda begani kukagua nafasi, vidole viwili vilivyozoea. Havikuingia. Hata kimoja hakikuingia.

"Imenibana vizuri," Uzi alisema, meno yakigongana kwa baridi. Kisha akafikiri, akaona afadhali amwambie mapema. "Ila mwakani haitanitosha, mama."

Saa tatu ilikuwa inakaribia, na watoto wengine walishaanza kuingia getini na mifuko yao, wanapiga kelele. Bi Pindo aliunyoosha ule mkanda wa bega kwa kidole gumba, akauacha.

"Mwakani nitashona nyingine," alisema.

Filimbi ikalia. Uzi akamwachia taulo mikononi, akaenda kwa wenzake, na mama yake akarudi nyuma ya mstari mweupe, akatafuta pa kukaa.