Kupita kwa Mama Mkwe Nikiwa na Kaptula

Daktari alinipima presha, akanipima tena, kisha akamwita mwenzake aje aone. Mimi sipendi watu kuitwa kuja kunitazama kama ng'ombe mnadani. Nikamwambia aseme tu, mimi si mtoto. Akasema. Nikiendelea kukaa dukani mchana kutwa na kula nyama choma jioni, alisema, mke wangu ataanza kutafuta hema na viti vya kukodi. Mke wangu alikuwa ameketi hapo hapo, mkoba mapajani, na hakucheka.

Hakucheka kwa sababu baba yake alienda hivyo hivyo. Mzee mnene, mcheshi, presha juu, kila siku anasema ataanza mazoezi mvua ikiisha. Mke wangu ndiye aliyemkuta ameanguka kando ya ghala. Tulipotoka kwa daktari aliniambia kitu kimoja tu: "Mimi sitaki kubaki kama mama. Sitaki." Niliudhika.

Basi nikaenda na hasira zangu nikajiandikisha mbio. Mbio za hisani, za kuchangia wodi ya akina mama, kilomita ishirini na moja. Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Kondele, na kwa miaka mingi kazi yangu ngumu kuliko zote ilikuwa kumwonyesha mtu kwa kidole mahali pa kuweka simiti. Jioni hiyo nikatangaza mezani kwamba baada ya wiki mbili nitakuwa napanda kilima cha Riat bila kupumzika. Mke wangu akaangalia tumbo langu kwa muda mrefu.

"Baba, wewe kwanza fika kwa kinyozi," akasema.

Kwa kinyozi! Kinyozi wetu yuko karibu hivi kwamba ukipiga chafya sebuleni kwako, yeye anakujibu pole. Nilitoka mbio kumwonyesha huyu mwanamke ameoa mtu wa aina gani, yaani ameolewa na mtu wa aina gani, hata maneno yalinichanganyikia kwa hasira. Nilipofika nikashika mlango wa kinyozi kwa mikono miwili. Kinyozi akaniletea kiti, na mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akauliza nani amefariki.

Kumbe huo ndio ulikuwa mpango wake. Kila wiki alinipa mahali pamoja pa mbele kidogo: kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu, kisha kituo cha petroli, kisha steji ya boda boda. Nikisema leo miguu ina nguvu, wacha nipitilize, anakataa. "Fika hapo, rudi, na kesho uweze kuamka." Nilitaka sana kugombana naye, lakini kugombana kunahitaji pumzi.

Sasa, Kondele mtu mzima hakimbii ovyo. Watu wa pale wameona maandamano mengi, wamenusa moshi mwingi wa polisi, na wanajua kwamba mtu akipita mbio, unakimbia kwanza, kuuliza ni baadaye. Asubuhi moja mama wa chapati aliniona nakuja, akaacha karai lake na kunifuata. Tulikimbia pamoja mpaka kwenye petroli, yeye mbele, mimi nyuma, ndipo akageuka kuniuliza polisi wako wapi. Nikamwambia ni mazoezi. Yawa, yule mama alinitukana! Chapati zake ziliungua, na ilibidi nizile zote njiani nikirudi, na mke wangu alisikia harufu.

Vijana wa boda boda nao walikuwa na yao. "Mzee, nani anakukimbiza?" "Baba, panda nikupeleke, hata bure!" Lakini mahali pale pa mbele kidogo paliendelea kusogea. Ukafika wakati nikawa naenda Mamboleo na kurudi, mshipi umeingia matundu mapya, na nikipimwa presha daktari haiti mtu. Nilianza kujiona. Nilinunua kaptula ya kukimbilia, nyepesi, ya buluu, inayoishia juu ya magoti kabisa.

Halafu wakatutumia ramani ya njia.

Mimi nilidhani tutazunguka mjini na kumalizia uwanjani kama watu wengine. La. Mbio zinaanzia Kisian, zinafuata barabara kuu ya Seme, zinaishia Kombewa. Nilikaa chini. Barabara hiyo inapita mbele ya lango la mama mkwe.

Kwetu sisi Wajaluo, mama wa mke wako humwendei ovyo. Unavaa suruali ndefu, shati limefungwa vifungo, koti ukiweza. Unamsalimia kwa mbali, mkono humpi, mzaha humletei. Tangu nioe, yule mama hajawahi kuona hata kiwiko changu. Sasa nimpitie mapaja nje, jasho linatiririka, mdomo wazi? Bora nipite juu ya paa.

Nikajaribu kukimbia na suruali ya suti. Nilienda Mamboleo, mapaja yakachubuka, nikarudi natembea kama bata. Mke wangu alinipaka mafuta huku akicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikamwambia basi, najitoa, presha iniue lakini nife na heshima yangu.

Kicheko chake kikakatika. "Heshima ya maiti?" akauliza. "Hiyo nitaipika, ama nitalala nayo?"

Tukapatana hivi. Yeye atatangulia na suruali ndefu ndani ya mfuko, aningoje kwenye mashine ya kusaga mahindi iliyo kabla ya kwao. Nitaivaa hapo, nitapita kwa mama kwa adabu, mbele ya safari nitaivua.

Siku yenyewe nilikimbia kwa mpango wake ule ule: mpaka kwenye kile kibao cha shule, mpaka kwa yule ng'ombe, mpaka kwenye daraja. Nilikuwa katikati ya kundi la walimu wanaoimba, wakanibeba kwa nyimbo zao bila mimi kujua. Na hapo ndipo nilipoharibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifika mahali mapema. Mashine ya kusaga ilikuwepo. Mke wangu hakuwepo; bila shaka matatu yake ilikuwa imekwama nyuma ya wakimbiaji.

Nikachuchumaa nyuma ya ukuta wa mashine. Nilipochungulia barabarani, nani kasimama mbele ya lango? Mama mkwe, na wamama wa kanisa wote wenye vitambaa vyeupe kichwani, na madumu ya maji ya kuwapa wakimbiaji. Bila shaka. Nilisubiri. Walimu walipotelea mbele na nyimbo zao zote. Wazee wakanipita, dada mmoja mjamzito anayetembea tu akanipita. Kwa nyuma nikasikia honi ya lile gari la kuokota waliochoka. Nikamwona mke wangu akilini, amesimama Kombewa, anatazama nikishushwa kutoka kwenye gari nimeshikwa huku na huku. Niliogopa hilo kuliko kitu chochote, lakini miguu ilikataa kutoka nyuma ya ukuta.

Mwanamke aliyeleta mahindi kusaga akaniona. Hakuninong'oneza, hapana. Akapaza sauti mpaka barabarani: "Mkwe wetu yuko huku! Amechuchumaa! Hana nguo!"

"Nina nguo!" nikapiga kelele. Ikawa mbaya zaidi.

Nikachungulia tena. Mama mkwe alisema neno kwa wenzake, sikulisikia. Kisha akageuka, akaipa barabara mgongo, akatazama shamba la mahindi. Yule wa kando yake naye akageuka. Mmoja baada ya mwingine, wamama wa kanisa wote wakageuka wakatazama mahindi, vitambaa vyeupe vimejipanga, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Honi ililia karibu. Nikatoka.

Nilipowafikia, mama alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wake, anakitoa kwangu bila kugeuza shingo. Maji yalikuwa yanamwagikia nguo yake. Nilikichukua kwa pembeni nisiguse kidole chake. Nikanywa yote. Nikasema ero kamano, asante, kwa sauti ya mtoto wa shule.

Alijibu akitazama mahindi. "Kimbia, baba. Mzee wangu alikaa tu."

Nikarudisha kikombe kwenye ile mikono, nikaondoka mbio nalia waziwazi, na sikujali tena nani ananiona.