Shemeji Yangu Fundi Saa na Kamera ya Mezani

Mume wa mdogo wangu ni fundi saa, na mtaani wanamwita Robosaa. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, jibu ni hilo hilo siku zote: robo saa tu, zunguka kidogo urudi. Wapo waliozunguka wiki mbili. Lakini saa ikishatoka mkononi mwake imetoka, hairudi.

Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na minne kwenye meza moja, barazani kwa duka la kuchapa barua. Meza ina ukingo wa mbao pande zote ili skrubu zisidondoke. Aproni yake ameipigilia mezani kwa misumari midogo, akikaa anajifunga ncha ya juu shingoni, hivyo kinachoruka kutoka kwenye kibano kinaangukia mapajani, hakiendi sakafuni. Mimi niliwahi kuweka kikapu changu pale, mara moja tu. Aliniangalia, nikakiondoa mwenyewe.

Mwaka jana macho yakaanza kumwacha. Miwani ikabadilishwa mara mbili. Daktari akamwambia ataona watu, ataona njia, hata gazeti atasoma, ila vitu vyembamba kama unywele asahau. Shemeji akaja kwetu, akaongea habari za mvua weee, mwisho ndipo akasema kwamba mwezi ukiisha anaiachia meza. Mwenye duka, dada mmoja mcheshi, alikuwa anaitamani nafasi ile siku nyingi aweke mashine yake ya fotokopi, na wameshakubaliana. Mdogo wangu akanivuta jikoni.

"Dada, huyu mtu akishinda nyumbani atanifungua mpaka sufuria," akaniambia.

Tulicheka, lakini niliona machozi yake yako karibu. Mume wake bila ile meza ni nani?

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, saa ndogo ya kike ya mkunga mstaafu, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu, mimi nikiwemo. Shemeji aliifungua kabla macho hayajamgomea, na sasa ilikuwa vipande chini ya bilauri iliyopinduliwa. Alisema akishindwa hiyo, basi ndiyo imekwisha, hangojei hata huo mwisho wa mwezi.

Wazo lilitoka kwa yule yule dada wa duka. Alikuwa na laptop ya zamani iliyokataa kila kitu isipokuwa Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, pamoja na kamera ndogo ya waya, ya kubana mahali. Akasema mzee aitazame saa kupitia kamera, skrubu itakuwa kubwa kama sahani. Tulidhani anatania.

Dada alikuwa na wateja wake, na shemeji, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, herufi za kibodi zilimpiga chenga. Kwa hiyo nikakalishwa mimi niliyeishia darasa la saba. Dada aliniandikia amri kwenye daftari kwa herufi kubwa, kila nukta na kila mkwaju. Unafungua kidirisha cheusi, unaandika jina la programu, unaandika kamera ilipo, unabonyeza Enter. Nikaandika taratibu, kidole kimoja kimoja: ffplay /dev/video0.

Ikatokea pua. Matundu mawili makubwa, yamejaa kioo kizima. Kumbe laptop ina kamera yake yenyewe, na hiyo ndiyo sifuri. Shemeji akasema macho yamepungua kweli, lakini pua yake bado anaijua. Dada akaja akanionyesha amri ya kuita orodha, v4l2-ctl --list-devices, na kamera zikajitaja zote. Yetu ya waya ilikuwa namba mbili. Nikaandika video2, meza ikatokea, ila ni ukungu mtupu.

Hapo shemeji akawa kwake. Aliifungua kamera kwa bisibisi yake ndogo kuliko zote, akazungusha kilenzi cha mbele kidogo kidogo kwenda nje, mpaka skrubu ikasimama kwenye kioo, na ule mfereji wa kichwani mwake ukawa kama mtaro wa barabarani. Alifurahi mno. Kwa mazoea ya miaka yote hiyo akachukua ile lenzi yake ya kubana jichoni, akaibana, akainama kabisa kwenye skrini ili aone vizuri zaidi. Nikamuuliza anaona nini.

"Vigae," akasema.

Kumbe lenzi ilikuza vidoti vya skrini yenyewe, si skrubu; nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Basi tukaanza kazi, na kazi ikakataa. Kwanza kamera ilikuwa imebanwa ng'ambo ya meza, ikawa akisukuma kibano mbele, kwenye kioo kinarudi nyuma. Dada akaongeza maneno ya kugeuza picha, -vf hflip,vflip, hilo likaisha. Lakini bado skrubu iliruka. Tukaitafuta kwenye aproni, akajaribu tena, ikaruka tena. Mara ya tatu akaweka kibano chini, akaanza kufungua fundo la aproni shingoni.

"Shemeji, tuache," akasema. "Mwambie alete mashine yake hata leo."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, tena sikuomba skrubu iingie, niliomba tu huyu baba asinyanyuke. Nikahisi mkono na kioo haviendi pamoja, nikamsihi agonge kibano kwenye ukingo wa meza mara moja tu. Akagonga. Sikio langu likasikia ko, na kwenye kioo kibano bado kiko hewani, ndipo kikashuka. Akagonga tena, ikawa vile vile. Kumbe picha ilikuwa inachelewa. Mkono umeshafika, macho yanamwambia bado, naye anasukuma zaidi.

Nikamwita dada aone. Akaona. Halafu nikamwona anatazama ile pembe ya baraza yenye meza, ambapo alikuwa ameshaweka alama ya chaki pa kukaa mashine yake. Kisha akavuta kiti.

Alisema picha kubwa inajikokota, na programu nayo ina tabia ya kujiwekea akiba ya picha kabla ya kuzionyesha. Akapunguza ukubwa, akaikataza akiba. Hakuniandikia yeye, alinifanya niandike mwenyewe:

ffplay -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 640x480 -fflags nobuffer -flags low_delay -vf hflip,vflip /dev/video2

Mara ya kwanza nilisahau kuacha nafasi mahali, kompyuta ikakataa. Mara ya pili ikakubali. Shemeji akagonga, ko, na kioo kikagonga naye. Hakungoja kuambiwa. Alikaza fundo la aproni, akachukua kibano, akazuia pumzi kama kawaida yake, na sisi wawili tukazuia zetu. Skrubu ilizama kwenye tundu, bisibisi ikaizungusha, na gurudumu dogo la saa likaanza kuyumba huku na huku. Alhamdulillahi ya mtu mmoja na asante Mungu ya mwingine zilitoka pamoja, hata sijui nani alisema ipi.

Mkunga alikuja kesho yake. Akaiweka saa sikioni, akafumba macho.

"Imelia yenyewe, au uliipiga kofi?" akamuuliza shemeji.

"Ilisumbua kutoka, mama, lakini iko salama," akajibu.

Mkunga alipoondoka, shemeji alimgeukia dada wa duka. Akamwambia anajua waliahidiana, na ahadi ni ahadi, lakini anaomba asiiachie meza. Alisema huku anatazama chini, kama mwanafunzi.

"Meza gani tena?" dada akasema. "Nilishaifuta ile chaki jana. Wewe njoo unisaidie kuhamisha kabati, mashine itakaa ndani."

Tulilihamisha watatu, na shemeji ndiye aliyeshika upande mzito.