Siku Deo Alipokataa Kupona

Mjini Kamembe walikuwa wameshatujua. Nikisimama sokoni na bidoni yangu, dumu la dawa, wenye maduka wanacheka kabla sijafungua mdomo. Ndipo tukaamua kushuka Bugarama kwa wakulima wa mpunga, ambako sura zetu zilikuwa bado mpya. Tulikuwa watatu, tumekulia Bukavu pamoja na kurudi Rwanda pamoja: mimi Papa Jeremi, msemaji; Maman Aline, ambaye machozi yake yako karibu muda wote; na Deo, kiwete wetu. Deo ana miguu mizima kuliko ya mbuzi. Kazi yake ilikuwa kujikokota kwa magongo, kunywa dawa yangu mbele ya umati, kisha kusimama na kutembea. Miaka saba hakuwahi kukosea, na nilimwamini kuliko ndugu wa tumbo moja.

Asubuhi tukapanda pikipiki tatu. Deo alilaza magongo yake mapajani, yakitokeza pande zote mbili, na kila tulipopishana na baiskeli dereva wa pikipiki yake alimtukana. Tulipopita Gashonga, katikati ya migomba, Maman Aline akaanza mazoezi ya kulia ndani ya kofia yake ya pikipiki. Dereva akasimama ghafla, akamuuliza nani amekufa. Tulipoteza dakika kumi kumtuliza dereva, maana naye alishaanza kulia.

Saa nne tuliingia sokoni Bugarama, na joto likatupokea. Deo na "mke wake" Maman Aline wakakaa kati ya watu. Mimi nikasimama mbali nao, kama vile sijawahi kuwaona, nikaanza kuinadi dawa: maji, mchaichai na chumvi kidogo. Siku ile nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Nilimwona Deo akizungumza na mama mmoja wa Gitambi aliyemleta mama yake mzee, goti limevimba kama papai. Sikujali. Kuzoeana na wateja ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Wakati ukafika. Deo akanywa kikombe kizima.

"Simama, papa!" nikapaza sauti. "Simama batu bakuone!"

Deo akatikisa kichwa. "Iko inauma vilevile."

Nikadhani anakoleza mchuzi. Nikampa kikombe cha pili. "Haya, nguvu haziko zinakuja?"

"Ata kidogo. Sasa na mugongo umeanza kuuma."

Maman Aline alimfinya mbavuni mpaka Deo akaruka, lakini akaruka akiwa amekaa. Jasho likanitoka. Hapo akainuka mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha simenti cha pale, pande la mtu, nguo zimejaa vumbi.

"Muongo weye! Ulisema atapona. Sasa mubebe, umurudishe kwabo!"

Umati mzima ukashangilia. Ningefanya nini? Nikambeba Deo mgongoni, Maman Aline nyuma na magongo na bidoni, watoto wakitusindikiza kwa nyimbo.

Saa sita tulikuwa tunapanda kilima, na Deo alikuwa amekula vizuri miaka yote saba. Watoto waliporudi na barabara ikawa tupu, nikamtupa chini.

"Umetuuza, Deo! Weye, wa kutuuza?"

Alisimama akijipangusa. "Ule maman wa Gitambi, mama yake amepewa randevu ya hospitali kesho, bamupasue goti. Aliniambia, nikisimama, mama yake hapana kwenda tena hospitali. Angekupa gunia la mupunga, mzee akae nyumbani anywe mchaichai yako."

"Mbona haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenishinda na maneno. Siku zote unanishindaka."

Nilikuwa nimeshamkamata kola pikipiki mbili zilipopanda kutoka chini. Ya kwanza ilimbeba bibi mwenye goti lake, ya pili yule mama wa Gitambi na gunia la mpunga. Walimkuta kiwete amesimama wima katikati ya barabara.

"Yezu wangu! Amepona!" mama akapiga kelele, akashuka pikipiki ikiwa haijasimama. "Papa, nipatie ile dawa! Shika mupunga, shika wote!"

Mkono wa Maman Aline ulikuwa umeshafika kwenye kamba ya gunia. Deo alinitazama tu. Angeweza kusema yeye, ila msemaji ni mimi, na yule mama alikuwa akinitazama mimi.

"Maman," nikasema, "huyu hajaumwa ata siku moja. Iko mchaichai tu. Mupeleke mama yako hospitali."

Yule mama alimpokonya Maman Aline kamba ya gunia. Kisha akachukua bidoni, akaifungua, akanimwagia yote kichwani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Bibi alicheka hadi akashika goti na kulia kwa maumivu. Kisha wakaondoka.

Usiku wa manane tuliingia Kamembe kwa miguu, kwa sababu hakuna dereva aliyetaka kunibeba nikiwa nimelowa hivyo. Maman Aline alitembea mbele peke yake, na mwezi mzima hakutuamkia. Kazi yetu iliisha siku ile. Safari ile ilinifundisha jambo moja, na linaniuma kulisema: Deo aliniacha peke yangu mbele ya umati wa Bugarama, na hadi leo ndiye mtu pekee ninayeweza kumfuata nikiwa nimefumba macho.