Keki Iliyopigwa kwa Hasira

Mama Pasi hakuwa mtu wa kukasirikia kazini. Hasira zake alizoea kuzikunja vizuri, akaenda nazo nyumbani. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hospitali. Shuka hutoka kwenye mashine limejikunyata kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi; yeye hulilaza mezani, akalipitishia pasi, likatoka limetulia. Ndipo lilipotoka jina lake, na sasa hata ndugu zake walimwita hivyo hivyo.

Siku hiyo simu ikaita. Mdogo wake wa kiume.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi, pasi iko moto."

"Mzee kanipigia. Anataka nije jioni nimchukue, ahamie kwangu."

"Ahamie kwako, kwani kwangu kafanyiwa nini?"

"Hakusema, dada. Kasema tu nije na gari."

Kuja kushtuka, harufu imeshajaa chumba. Shuka limeungua katikati, alama ya pasi imekaa pale, ya kahawia, nzima na ncha yake.

"Leo umetupigia muhuri," akasema mwenzake wa meza ya pili, na wengine wakaangua kicheko. Mama Pasi hakucheka. Alilikunja lile shuka, akamkabidhi msimamizi, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Njiani alitembea kama anayekwenda kugombana, na kweli ndiko alikokuwa anakwenda. Baba yake alihamia kwake tangu mama yao alipofariki. Alimpa chumba chenye dirisha, godoro gumu kwa ajili ya mgongo wake, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimwachia chai kwenye chupa na chakula kilichofunikwa. Sasa mzee anataka kuhama, sawa, watu huhama. Lakini habari azisikie kwa mtu mwingine, tena kwenye simu, mkononi kashika pasi? Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuta begi limesimama mlangoni. Mzee alikuwa ameketi kitandani, koti mwilini, viatu miguuni, kama abiria.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umewahi."

"Nimewahi."

Akapita moja kwa moja jikoni, akatoa mayai, sukari, unga na kakao. Mtu akimuuliza, jibu alikuwa nalo: hakuna atakayekwenda kusema kule kwa mdogo wake kwamba mzee alitoka kwake na njaa.

Keki hiyo ilikuwa ya ukoo. Mzee alifundishwa na shangazi yake, akaipika maisha yake yote, maana alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Ni keki rahisi, haina mambo mengi. Unapiga mayai na sukari mpaka yawe meupe, unatia mafuta na maziwa, halafu unga uliochekechwa pamoja na kakao na poda ya kuumulia, basi. Kazi iko kwenye mayai, na kwa mayai mzee alikuwa na sheria yake. Wengine husema hasira hasara. Yeye alisema hasira ni mkono wa bure, usiutupe. Kule shuleni akiona msaidizi wake kanuna, humpa bakuli. Nyumbani vilevile. Mama yao aliyapiga mayai siku alizogombana na mumewe, na watoto walipoona keki mezani walijua usiku uliopita haukuwa mwema.

Mama Pasi akapiga mayai. Alimpiga nayo mdogo wake na gari lake, akampiga wifi yake mwenye nyumba ya vigae, akalipiga begi la mlangoni. Mayai yakawa meupe kabla ya wakati wake. Akatia mafuta, akatia maziwa, akamimina unga, akaendelea kupiga palepale, kwa kasi ileile, mwiko ukigonga bakuli.

Mlango wa chumba ukafunguka.

"Unga umeshaingia," mzee akasema akiwa bado kwenye korido. "Nasikia mlio ni mzito. Unga haupigwi, mwanangu, unakunjwa. Acha mkono huo."

"Wewe si unahama? Keki ya hapa inakuhusu nini?"

"Itakuwa gundi."

"Na iwe gundi."

Mzee akafika mlangoni mwa jiko akasimama pale, hakuvuka kizingiti. Hapo ndipo Mama Pasi alipoona jambo ambalo kwa siku nyingi alikuwa akilitazama bila kuliona: baba yake haingii tena jikoni.

"Mbona umesimama huko?"

"Jiko si langu. Ulishanieleza."

"Nilikueleza lini?"

"Hukunieleza kwa mdomo. Unafungua kile kichwa cha mtungi wa gesi, unakitia kwenye mkoba, unakwenda nacho kazini. Mimi niliyepikia shule nzima, nafichwa gesi kama mtoto anayefichwa kiberiti."

"Baba, uliacha maharage motoni ukaenda kulala. Sufuria iliyeyuka mpini. Nilitaka nirudi nikute nini, majivu?"

"Ungeniambia. Ungenigombeza. Lakini jana jirani kanichungulia dirishani anacheka, ananiuliza, 'Mzee, leo umeruhusiwa kuchemsha maji?' Amejuaje?"

Mama Pasi akakaza macho kwenye bakuli.

"Nauliza, amejuaje?"

"Nilimwambia mimi. Tulikuwa tunapiga soga."

"Basi. Kwa mwanangu wa kiume najua sitapika vizuri zaidi. Lakini sitachekwa."

"Na mimi je? Nimekulaza, nimekufulia, halafu naambiwa kwa simu kama mtu baki. Hukuwa na mdomo wa kuniambia mimi?"

"Hilo nimekosa," akasema mzee.

"Umekosa sana."

"Nimesema nimekosa, usiniongezee. Hebu iingize hiyo keki kwenye oveni kabla haijakufa kabisa."

Mdogo wake alipofika, keki ilikuwa imeiva, imefura juu na kupasuka katikati. Alitafuna, akatafuna tena, akanywa maji.

"Dada, hii imechanganywa na kandambili?"

"Kula unyamaze," akasema mzee. "Mimi nimekula za mama yako mbaya kuliko hii."

"Haya. Twende, Mzee, gari lenyewe nimeliazima."

Mzee hakusimama. Alimtazama binti yake. Mama Pasi alikuwa anasugua bakuli kwa nguvu, mgongo amewapa.

"Sikubembelezi, baba," akasema bila kugeuka. "Nina hasira na wewe na leo haziishi. Lakini ukikaa, kichwa cha mtungi kinabaki hapa. Ukiwasha, ukae jikoni mpaka uzime. Hakuna kwenda kulala, hakuna redio ya chumbani. Ukichoka, zima, tutakula mkate."

"Redio niilete huku?"

"Ilete."

Mzee akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Rudisha gari la watu, baba," akamwambia mwanawe.

"Yaani nimeacha shughuli zangu zote kuja kula keki ngumu?"

"Na bado hujaimaliza."

Mdogo mtu akaondoka akinung'unika. Mama Pasi akafuta mikono, akatoka naye mpaka nje, kisha akapinda kwa jirani. Alikuwa amepanga maneno makali, mengi, ya kumkalisha mtu chini. Kufika mlangoni akaona hayana pa kushika, maana mwenye kuyaanzisha alikuwa yeye.

Jirani akafungua akitabasamu. "Karibu, Mama Pasi. Mzee ameshahama? Nimeona gari."

"Hahami. Nimekuja kwa yale ya mtungi. Usimtanie nayo tena."

"Jamani, si wewe ulinihadithia? Ulicheka mpaka ukashika mbavu."

"Nilicheka," akasema Mama Pasi, na uso ukamwaka moto. "Halikuwa jambo la kuchekwa. Nilikosa mimi kwa kulitoa nje, na wewe ulikosa kwa kumpelekea."

Jirani akaacha kutabasamu. Kisha Mama Pasi akamuaga, akarudi kwake, na jikoni akakuta taa inawaka, mzee anachekecha unga mwingine, na nusu yake imeshamwagika sakafuni.